Kokoto Ndani ya Raba: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Vikundi vya Mbio za Pole, Dar es Salaam

Ndugu wenyeviti, makatibu na walimu wa mazoezi,



Oktoba iliyopita mlipita mbele ya kibaraza changu hapa Temeke mmevaa fulana za pinki. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu nimeinyoosha juu ya ndoo niliyoifudikiza, nikingoja moto wa miguuni wa kila asubuhi upoe ndipo nihamie kwenye cherehani. Mliimba vizuri, na kiitikio kilisikika hadi mtaa wa pili. Kijana mmoja akanipungia mkono, akapaza sauti, "Mama, leo tunakimbia kwa ajili yenu!" Sijui alinitambuaje. Pengine hakunitambua, alikuwa akiwaambia hivyo kina mama wote wa makamo waliotoka nje kutazama. Nikampungia na mimi. Na kwa kuwa mimi ni fundi, niseme na hili: pindo za zile fulana zilishonwa vibaya. Mwakani nileteeni mimi.

Yule kijana alisema kweli. Nilitibiwa saratani ya titi, nikamaliza dripu miaka mitatu iliyopita, na nisingependa kuwa kibarazani mnapopita. Ningependa kuwa ndani ya safu. Niliwahi kujaribu, na yaliyonikuta ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwenye dripu ya tatu ya dawa iitwayo paklitakseli vidole vya miguu vilianza kufa ganzi. Kufika ya tano ganzi ilikuwa imepanda hadi kwenye vifundo, kama soksi zisizovulika, na ncha za vidole vya mikono nazo zikafuata. Kwa fundi hilo si jambo dogo. Nilianza kuangusha pini. Kisha mikono ikawa haitofautishi satini na khanga. Siku moja sindano ya mashine ilinichoma kidoleni, na sikujua mpaka nilipoona doa jekundu kwenye gauni jeupe la kipaimara la mtoto wa watu.

Matibabu yalipokwisha daktari aliniambia, "Mama, sasa jitahidi kufanya mazoezi," akafungua faili la mwenzangu. Simlaumu sana, maana benchi la nje lilikuwa limejaa hadi watu wamekaa sakafuni. Lakini mazoezi gani, kiasi gani, na kwa miguu hii? Nikaondoka na neno hilo moja na nikalifanyia kazi nilivyoweza: nikanunua raba za mtumba, nikajiunga na kikundi kimoja ambacho sitakitaja, maana viongozi wake ni watu wema na walinipokea kwa mikono miwili.

Tulianza saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Kiongozi akatupa kanuni ambayo nimeisikia kwa wengine wenu pia: "Ukisikia maumivu, simama. Usiposikia, ongeza mwendo." Kanuni nzuri kwa mwenye mwili wa kawaida. Mimi nilikuwa nimeshasikia maumivu tangu kitandani, shuka lilipogusa vidole. Ningeifuata nisingevuka kizingiti. Basi nikaamua kuyapuuza. Baada ya kilomita mbili hivi miguu ikanyamaza kabisa, nikafurahi, nikaongeza mwendo kama nilivyoagizwa. Nilipofika nyumbani nikavua raba ya kulia, nikakuta soksi imelowa damu. Ndani mlikuwa na kokoto, ukubwa wake punje ya hindi. Nilikuwa nimelikanyaga njia nzima, kwenda na kurudi. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga, na wiki zote hizo sikuweza kusukuma kanyagio la cherehani.

Kokoto lile nimelihifadhi kwenye kopo la vifungo. Huwa nalitoa nikalitazama, kwa sababu limenifundisha jambo ambalo sikuambiwa hospitali: mguu uliopiga kelele kwa ajili ya shuka ndio ule ule uliokaa kimya juu ya jiwe. Maumivu yetu hulalamika pasipo na jeraha, na penye jeraha hayasemi. Mkituambia "sikilizeni miili yenu", mnatukabidhi kwa shahidi wa uongo. Sisi inabidi tutumie macho, na macho ya wenzetu pale yetu yanapochoka.

Aliyekuja kunielewesha ni dada mmoja mtaalamu wa fiziotherapia niliyempata baadaye, kwa kuulizia ulizia. Alisema mshipa wa fahamu unaotoka chini ya uti wa mgongo hadi kwenye kidole gumba cha mguu ni kama uzi mmoja, na kwa mtu mzima uzi huo unakaribia mita moja. Mahitaji yake hutengenezwa huku juu, karibu na uti wa mgongo, kisha husafirishwa juu ya vijireli vidogo mno vilivyomo ndani ya uzi wenyewe. Seli ya saratani nayo hutumia vijireli vya aina hiyo hiyo inapojigawa. Paklitakseli huvigandisha. Saratani hushindwa kuzaana, na mshipa wa fahamu nao hukosa mzigo wake. Marehemu baba alikuwa mtu wa Reli ya Kati, kwa hiyo hapo nilielewa haraka: treni ikikwama Morogoro, wa kwanza kulala njaa ni wa Kigoma. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni.

Tena si paklitakseli peke yake. Vinkristini, wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, ilitokana na lile ua dogo la pinki lenye asili ya Madagaska ambalo wengi wetu pwani tunalo uani, na yenyewe hutia ganzi miguuni. Dawa za jamii ya platini, kama ile oksaliplatini ya saratani ya utumbo mpana, zina tabia mbaya zaidi: hali huweza kuendelea kuharibika kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Kwa hiyo mkiona mwanachama aliyetoka matibabu akitembea vizuri Januari na kuyumba Machi, msiseme ameanza kujilegeza.

Wala sisi si watu watatu wanne. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa dawa hizi: mwezi mmoja baada ya tiba, 68 kati ya kila 100 walikuwa na tatizo la mishipa ya fahamu, na miezi 6 au zaidi baadaye walibaki 30 kati ya 100. Utafiti mwingine, wa Marekani, uliochapishwa 2017, uliwafuatilia wanawake 512 waliopona saratani. Wastani wa miaka 6 ulikuwa umepita, na karibu nusu yao bado walikuwa na ganzi au mchomo. Hao walianguka karibu mara mbili ya wenzao. Kuanguka kwa mama wa miaka 58 aliyepewa dawa zinazopunguza uimara wa mifupa ni habari ya nyonga, na nyonga ni habari ya kitanda. Halafu kuna wenye kisukari. Miguu yao huharibika kwa namna inayofanana na yetu, na nina hakika mnao tayari kwenye safu zenu, wamenyamaza tu.

Msije mkadhani ninaomba tuachwe tukae. Kukaa kumeninyima nguvu kuliko dripu. Vidonge vya maumivu haya ni vichache: mwongozo wa 2020 wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani ulipendekeza kimoja tu, duloksetini, na faida yenyewe si kubwa. Mazoezi nayo hayafufui mshipa uliokufa. Anayeahidi hivyo anauza maneno. Lakini yanasaidia kwa kiasi ambacho mtu hukiona. Marekani, mwaka 2018, ilichapishwa habari ya wagonjwa 355 waliokuwa kwenye dripu, wakagawanywa makundi mawili. Waliotembea na kuvuta mipira ya mazoezi nyumbani kwao kwa wiki 6 walipata nafuu ya ganzi na ya hali ya miguu kuwaka au kupoa kuliko waliotibiwa tu. Na mwaka 2024 ukatoka utafiti wa Ujerumani wa watu wanaopewa oksaliplatini au dawa za jamii ya vinkristini. Waliofanya mazoezi ya mizani ya mwili mara mbili kwa wiki, kila mara nusu saa au pungufu, 30 kati ya 100 ndio waliopata tatizo. Kwa wasiofanya, walikuwa 71.

Sasa tazameni ni mazoezi gani hayo ya Ujerumani. Mizani. Kusimama kwa mguu mmoja, kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine kama mtu aliye juu ya kamba, kusimama juu ya kitu laini kinachobonyea. Mbio hazimo. Ni mambo yale mnayoyafanya dakika tano za mwisho, kwa haraka haraka, wakati watu wameshaanza kutafuta maji na kupiga picha. Kwenu ni mkia wa mazoezi. Kwetu ndiyo mazoezi yenyewe. Mkiyarefusha yawe dakika kumi na tano mtakuwa mmetupa zaidi ya kilomita zenu zote tano, na hata wenye miguu mizima hawatapata hasara.

Mimi huyafanyia jikoni. Nashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, nanyanyua mguu wa kushoto, nahesabu. Mwezi wa kwanza nilifika tatu. Sasa nafika ishirini na tano nikiwa nimeshika kwa kidole kimoja. Kisha nanyanyua visigino mara kumi, nakaa na kuinuka kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, natembea ukutani kisigino kikigusa vidole, bega karibu na ukuta. Kufumba macho bado. Dada wa fiziotherapia alinijaribu mara moja, yeye akiwa amesimama nyuma yangu: nilifumba tu, nikaenda upande kama gunia, akanidaka. Akasema, "Mama, unaona? Wewe unasimama kwa macho." Miguu haileti tena habari za mahali ilipo, macho ndiyo yanayoziba pengo.

Hapo ndipo lilipo ombi langu la kwanza. Giza la saa kumi na moja linatuondolea kitu pekee kinachotushikilia. Najua kwa nini mnaanza mapema. Ifikapo saa tatu jua la Dar halina huruma, na watu wana misiba na harusi za Jumamosi. Nasi joto linatutesa, maana wengine wetu hata mishipa inayosimamia mapigo ya moyo na shinikizo la damu imeguswa, tukiinuka ghafla tunapata kisunzi. Basi naomba katikati: wekeni safu ya pili inayoondoka saa kumi na mbili na nusu, kumekucha, iende kwa miguu, irudi kabla ya saa mbili. Isiwe safu ya walioshindwa. Iwe na kiongozi wake na filimbi yake, na mtu wa mwisho asiyeruhusiwa kumwacha yeyote nyuma. Wataalamu wa mazoezi wa Marekani walipokaa kuandika mwongozo wa watu waliotibiwa saratani, uliotoka 2019, walisema nusu saa ya mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki inatosha kuleta faida kubwa. Nusu saa ya kutembea inatosha kutoka kwangu hadi sokoni na kurudi. Kipimo cha huo mwendo, kwa aliyenifundisha mimi, ni kuweza kuongea na kushindwa kuimba. Nyinyi mnaimba mkiwa mbioni, hongereni. Sisi tuitikieni tutakapokuwa tumesimama.

La pili ni viatu, na hapa sitakuwa na haraka. Kabla ya kuondoka, kila mmoja wa safu hiyo akae chini, ageuze raba juu chini, aigonge, kisha aingize mkono ndani apapase mpaka mwisho. Mwenye ganzi ya mikono, kama mimi, asijipapasie, ampe jirani. Soksi ziwe nyeupe. Soksi nyeusi huficha damu, nami nilinusurika kwa sababu siku ile nilivaa za mwanangu za shule. Raba isiwe ya kubana, iwe na kamba za kufunga, na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kandambili hapana, hata kwa mwendo mfupi, maana mguu usiosikia huvuliwa ndala bila mwenyewe kujua. Na mkirudi, raba na soksi zivuliwe hapo hapo, nyayo zitazamwe, katikati ya vidole pia. Asiyeweza kujikunja atumie kioo kidogo au amwombe mwenzake. Najua kwetu kumwonyesha mtu nyayo si adabu. Tutazoea.

Njia ichaguliwe na mtu aliyeitembea mchana. Ile inayopendwa na wengi, kutoka upande wa Ocean Road, kukatiza Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach, ni nzuri kwetu hadi pale lami inapokwisha. Kwenye mchanga msitushushe. Mchanga unahama chini ya mguu, una makombe na vipande vya chupa, na ukipata jua huunguza nyayo isiyolalamika. Kuna wakati napita ile barabara kwenda kliniki, nawaona wenzangu wamekaa nje ya Taasisi ya Saratani, bahari iko mbele yao hatua chache tu, na wanaofanya mazoezi wanapita katikati.

Wengine mtaona mkono mmoja umevimba, kwa sababu tumetolewa tezi za kwapani. Zamani tuliambiwa tusinyanyue hata ndoo. Utafiti wa 2009 wa wanawake 141 ulionyesha kuwa kunyanyua uzito kidogo kidogo, chini ya usimamizi, hakukuongeza uvimbe. Kwa hiyo msituzuie, lakini anzeni na chupa ya maji ya nusu lita, si vyuma vya vijana.

Yapo maumivu ambayo hatutakiwi kuyapuuza, na kiongozi ayajue kwa moyo. Mchomo wetu wa kila siku uko miguu yote miwili, tunaujua kama tunavyojua sauti ya jirani. Ukipanda wakati wa mazoezi na kushuka kabla ya kulala, hakuna neno. Ukiamka nao kesho yake ungali juu, mara inayofuata tupunguze nusu. Lakini maumivu mapya ya mgongo, miguu inayolegea ghafla, mkojo au haja kubwa kutoka bila kujizuia, hayo ni ya hospitali siku ile ile, kwa sababu huenda kitu kinabana uti wa mgongo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, huenda ni damu iliyoganda. Kifua kikibana au pumzi ikikata, msimpe maji na kumpepea kwa khanga, tafuteni gari. Na yeyote ambaye saratani yake imefika kwenye mifupa asianze nanyi kabla daktari wake hajasema mifupa ipi na mwendo upi.

Mtatujuaje? Msitusimamishe mbele za watu mkauliza nani ana saratani. Nawafahamu wanawake ambao hata mashemeji zao hawajui walikolazwa. Ulizeni swali dogo mnapoandikisha, faragha, kwa kila mtu: "Una ganzi au moto miguuni?" Akisema ndiyo, mpelekeni safu ya pili. Sababu si lazima mzijue.

Na zile nyimbo za kuwacheka wanaobaki nyuma, walegevu, mizigo, wake wa nyumbani, nazifahamu, tuliziimba kwenye mchakamchaka tangu shule ya msingi. Tamu mno. Imbeni mkiwa peke yenu.

Ndugu zangu, hakuna katika haya kinachohitaji bajeti. Benchi moja, mtu mwenye filimbi, saa moja na nusu ya kuchelewa. Nimekwisha kuongea na kina mama wanne, mmoja ana kisukari, na baba mmoja aliyetibiwa saratani ya utumbo. Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili na nusu, tutakuwa chini ya mwembe nje ya uwanja wa shule ya mtaani kwetu, raba mikononi. Tunahitaji mtu mmoja wenu mwenye vidole vinavyosikia, aje atupapasie.

Wenu,
Fundi cherehani, Temeke